TUJUE KULA: VIKUNDI VITATU NA ETIKETI YA PAKETI



Katika kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, vijana wane walikataa chakula cha mfalme, wakaomba mboga na maji. Baada ya siku 10 walionekana wenye afya kupita wenzao. Walijua kuchagua. Na sisi?

Huku kwetu vyakula vizuri viko. Lubero inatuletea viazi, kabichi na karoti. Beni, mafuta ya ngazi, ndizi na mchele. Vitshumbi na Kyavinyonge, samaki. Lakini mtoto anaweza kushiba kila siku na bado miguu na uso vikavimba, nywele zikageuka rangi. Ndiyo kwashiorkor; upande wa Bukavu wanaiita bwaki. Daktari Cicely Williams aliieleza mwaka 1933 katika inchi inayoitwa leo Ghana. Jina linatoka katika lugha ya Ga: ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Anaachishwa kunyonya, anapewa chakula cha namna moja tu.

Basi tuchanganye vikundi vitatu:

1. Vya kutia nguvu: bugali, viazi, ndizi, mchele, mafuta.

2. Vya kujenga mwili: maharagi, soya, karanga, mayai, maziwa, samaki, nyama. Gramu 100 za maharagi makavu ziko na zaidi ya gramu 20 za proteini. Gramu 100 za unga wa mihogo hazifikishe hata 3.

3. Vya kukinga magonjwa: sombe, lenga-lenga, karoti, papai, machungwa. Sombe itwangwe na ichemke sana, sababu majani mabichi ya mihogo yako na sumu. Mafuta mekundu ya ngazi nayo yanasaidia macho. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeharibu hiyo faida.

Sasa, vitu vya butike. Vingi vinapitia Kasindi kutoka Uganda, na maandiko ni ya Kiingereza. Watu wanatazama picha ya chungwa, wanalipa, wanaenda. Geuza paketi, usome nyuma:

a) Vitu vilivyomo vinaandikwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi kinatangulia. Kama neno la kwanza ni « sucre » ao « sugar », unanunua sukari, hata kama picha ni chungwa.

b) Hesabu zinaandikwa kwa gramu 100 ao mililita 100. Ukisoma gramu 10 za sukari, chupa ya mililita 300 iko na gramu 30: vijiko 6 vya chai! Mwaka 2015 OMS ilishauri mtu mzima asipite karibu gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku.

c) Kwa chumvi, tafuta « sel iodé » ao « iodized salt ». Udongo wa milima mara nyingi ni maskini wa iode, na kukosa iode kunaleta uvimbe wa shingo.

d) Tarehe ya mwisho. Ikiwa imepita ao imefutwa, rudisha.

Kwa nini niandike haya? Tunaona mtu anauzisha mayai ya kuku wake sokoni, halafu kwa pesa ile ile anamnunulia mtoto biskuti na kinywaji cha rangi. Ameuzisha cha kujenga, amenunua sukari. Na tangu 2014 mauaji katika eneo la Beni yamefukuza jamaa nyingi mashambani. Asiye na shamba ananunua kila kitu, hana franka ya kupoteza. Kwake, kipimo cha maharagi ni bora kuliko paketi tano za biskuti.

Mama wengi hawakupata kusoma Kifaransa wala Kiingereza. Sisi tunasoma. Basi tukienda likizo, tusiwacheke; tuwasomee etiketi, na tuulize kila jioni: katika sahani hii, kikundi gani kinakosa?