Viroboto: Adui Akaaye Sakafuni

Watu wengi waonapo mbwa wao akijikuna hudhani kwamba viroboto wote wamo katika manyoya yake. Humwosha mbwa na kumtia dawa, kisha hustaajabu baada ya wiki mbili kuona anajikuna vile vile kama kwanza. Huenda dawa ilikuwa njema. Kosa ni kumtafuta adui mahali pamoja tu, hali wengi wa jamaa zake wamejificha sakafuni.

Kiroboto hana mabawa, na mwili wake ni mwembamba, hivyo hupenya kwa urahisi kati ya nywele. Maisha yake yana hatua nne. Jike akiisha kunyonya damu aweza kutaga hata mayai 40 kwa siku moja. Mayai hayo hayanati, bali huanguka po pote alalapo mnyama. Humo hutoka mabuu meupe kama vijinyuzi, yakimbiayo mwanga na kula taka za vumbini, hasa mavi makavu ya viroboto wakubwa, yaliyo na damu. Kisha kila buu hujifumia kifuko, nacho hushikwa na vumbi hata kisionekane. Kiroboto aliye tayari aweza kungoja kifukoni kwa miezi, mpaka asikie mtikisiko au joto la kiumbe. Ndiyo sababu mtu afunguapo nyumba iliyofungwa siku nyingi huweza kurukiwa miguuni mara moja.

Madhara yake si mwasho tu. Mtoto wa mbwa au wa paka mwenye viroboto wengi hupungukiwa na damu, na aweza kufa. Mnyama, au hata mtoto mdogo, akimeza kiroboto aweza kupata aina moja ya tegu. Tena viroboto wa panya hueneza tauni, kama daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alivyovumbua huko Karachi mwaka 1898. Tauni iliingia Nairobi mwaka 1902, na soko la Wahindi likachomwa moto. Panya afapo, viroboto wake humwacha na kutafuta damu kwingine. Kwa hiyo ukiona panya wengi wamekufa bila sababu, usiwaguse, bali mpashe habari afisa wa afya upesi.

Ukitaka kujua kama mnyama wako ana viroboto, mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Chembe nyeusi zikigeuka kuwa nyekundu, hiyo ni damu aliyonyonywa.

Hapo yafaa kufanya kazi tatu kwa siku moja. Kwanza, watibu wanyama wote wa nyumbani kwa dawa utakayoelekezwa na mganga wa mifugo. Usimtie paka dawa ya mbwa bila kuuliza, maana ziko zinazoweza kumwua. Pili, fua matandiko yao kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Tatu, fagia chini ya vitanda, pembeni na katika nyufa, uchome taka zote, kisha uzibe nyufa hizo.

Endelea kufagia hivyo kila siku chache kwa wiki kadhaa, wala usikate tamaa ukiona viroboto wapya. Hao ni wale waliokuwa wakingoja katika vifuko, ambamo dawa haiwafikii kwa urahisi.