Siku ya Tatu Lumbridge

"Mjomba, nitoke lini?"

Swali hili niliulizwa jioni moja na kijana wa jirani yetu hapa Ganjoni, Mombasa, simu mkononi, kidole kikigonga kuku mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akicheza Old School RuneScape, na kwa wiki mbili hakuwa ametia mguu nje ya Lumbridge, kijiji anachofikia kila mchezaji mgeni. Alikuwa amesikia kwamba huko nje watu hufa.

Wengi huuliza hivyo, na jibu wanalopewa huwa ni namba: ukifika levo fulani, toka. Namba peke yake haitoshi. Anayefaa kutoka ni yule anayejua mambo matatu: nani atamshambulia njiani, akifa atapoteza nini, na atarudi vipi.

Kwanza tuelewe eneo la wageni lilijengwa kwa nini. RuneScape ilizinduliwa Uingereza Januari 2001. Toleo hili la Old School lilifunguliwa 2013, na Oktoba 2018 likaingia kwenye simu. Mchezaji huanzia kisiwa cha mafunzo, Tutorial Island, ambacho ukishakiacha hukirudii tena. Kisha anatua Lumbridge, kwenye kuku, ng'ombe na magoblini dhaifu. Mpishi wa ngome humtuma yai, maziwa na unga. Kazi hiyo yaonekana kama ya mtoto anayetumwa dukani, lakini ukiimaliza umeshajifunza kusoma ramani, kuvuna ngano, kuisaga kinuni na kuwasikiliza wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lumbridge inafuata desturi hiyo hiyo: inakukirimu kwanza, halafu polepole inakuondolea ukarimu.

Inauondoaje? Kwa hesabu. Kila pointi moja ya uhai unayoiondoa kwa adui hukupa pointi 4 za uzoefu katika ujuzi unaojizoeza. Kuku ana uhai wa 3, basi kuku mmoja ni pointi 12. Kutoka levo ya 1 hadi ya 2 zinahitajika pointi 83, yaani kuku 7. Kutoka levo ya 40 hadi ya 41 zinahitajika pointi 3,947: kuku 329! Levo ya juu kabisa, 99, inadai jumla ya pointi 13,034,431, na nusu ya safari hiyo huifikii mpaka levo ya 92. Ukihamia kwa ng'ombe mwenye uhai wa 8, wale kuku 329 wanakuwa ng'ombe 124. Ndiyo maana mchezaji anayeng'ang'ania banda la kuku huchoka, akadhani mchezo umemchosha. Aliyemchosha ni kuku. Pato lake limebaki lile lile huku mahitaji yakipanda.

Sasa njia. Wapo maadui wasiokugusa mpaka uwaguse, na wapo wanaokurukia wakikuona. Hawa wa pili nao wana kanuni yao: kwa kawaida, humwacha mchezaji ambaye levo yake ya mapigano imezidi maradufu ya yao. Kwa mfano, kusini mwa mji wa Varrock wamejikusanya wachawi weusi ambao wageni wengi wamewajua kwa kifo. Baadhi yao ni wa levo 7, wengine wa levo 20. Mchawi wa levo 7 atakupisha ukifika levo 15. Wa levo 20 hatakupisha mpaka ufike 41. Kwa hiyo hatari ya njia unaweza kuipima kabla hujaondoka, na usipoiweza, izunguke. Lakini kuna mahali hesabu hii haikulindi: Wilderness, nyika iliyo kaskazini kabisa, ng'ambo ya mtaro. Huko wanaokuvizia ni wachezaji wenzako. Mgeni hana haja ya kuuvuka mtaro ule.

Sisi wa Ganjoni tunaishi jirani na kivuko cha Likoni, tunajua mtoto anavyovushwa mara ya kwanza. Hahamishwi na vyombo vya nyumba. Anashikwa mkono, anaonyeshwa ng'ambo, na jioni feri inamrudisha. Safari ya kwanza ya kutoka Lumbridge iwe vivyo hivyo. Weka mali yako yote benki, juu kabisa ya ngome. Beba upanga, ngao, kofia ya chuma na chakula kidogo, kama kamba waliopikwa. Ukifa kifo cha kawaida, vitu 3 vyenye thamani zaidi hubaki nawe. Vingine huachwa kaburini, na una dakika 15 za kuvifuata. Ukibeba hivyo nilivyotaja, kitakachobaki kaburini ni kamba tu. Kurudi nako ni rahisi: lipo tamko la kichawi la bure la kukurejesha Lumbridge, linalotumika mara moja kila dakika 30. Lakini halifanyi kazi ukiwa katikati ya vita, basi litumie kabla mambo hayajaharibika.

Kuna hofu moja ya kwetu Mombasa: je, intaneti yetu itatuangusha? Tangu 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipopanda ufukweni hapa, masafa yamebaki lakini njia imenyooka. Mwanga ndani ya waya hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 hadi seva ya Ulaya, kwenda na kurudi, hula walau sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika michezo ya kupigana risasi, kuchelewa huko ni msiba. Old School RuneScape huhesabu matendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, hivyo amri yako ina nafasi ya kutosha kufika. Cha kuogopa zaidi ni kukatika kabisa, kwa sababu mhusika aliye vitani hatoweki papo hapo simu inapozimika. Chaji simu, hakikisha bando lipo, ndipo utoke.

Mwisho, watu. Nje ya Lumbridge utakutana na wa kukufunza na wa kukutapeli. Anayeahidi kukurudishia fedha zako maradufu hatazirudisha. Anayekuita Wilderness akuonyeshe siri anakupeleka kuvuliwa. Nywila haiombwi na yeyote mwenye nia njema, na benki yako iwekee namba ya siri ya tarakimu 4 siku ya kwanza.

Yule kijana alitoka Ijumaa, na upanga, ngao, kofia na kamba zake. Mchawi alimuua kabla hajaliona lango la Varrock. Akaamka Lumbridge na vitu vyake vitatu, akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia.

"Mjomba, hakuna njia nyingine ya kuingilia?"

Hakuuliza tena lini. Nikaifungua ramani, nikamwonyesha lango la mashariki.