Kuanzisha Biashara kwa Mtaji Mdogo: Mfano wa Wapagazi wa Tabora

Biashara changa inayojitegemea ni ile inayoanzishwa kwa fedha, mali au nguvu za mwanzilishi mwenyewe, bila mkopo wa benki wala mwekezaji, na kukua kwa faida inayoizalisha yenyewe. Mwanafunzi anapoulizwa mifano, mara nyingi hutaja mama lishe, bodaboda na kioski cha kutumia fedha kwa simu. Si makosa. Lakini historia ya nchi yetu inao mfano mkubwa zaidi, na unaeleza vizuri jambo ambalo watahiniwa wengi hulipitia juujuu: mtu asiye na fedha ya matangazo humpataje mteja?

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, kisha ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Vitabu vingi huwataja Waarabu na Waswahili wa pwani kama wenye njia hiyo, ilhali Wanyamwezi walikuwa wakiifanyia biashara kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makazi Tabora.

Walianzaje? Kwa bidhaa za karibu. Chumvi ya Uvinza, iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi na ambayo imezalishwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilikuwa nzuri kuliko chumvi ya majivu ya majani iliyotumika sehemu nyingi. Majembe ya chuma yalifuliwa kaskazini mwa Unyamwezi. Aliyevuna ziada ya nafaka au aliyekuwa na mbuzi wachache aliweza kubadilishana, akapata chumvi au majembe, akayapeleka mahali yalikokosekana. Alisafiri wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, akarudi kulima. Maana yake biashara haikuua shamba, na safari ikishindikana familia haikulala njaa. Wengine walikwenda mbali zaidi. Kalasa, Msumbwa, alifuata shaba hadi Katanga, na mwanawe Msiri akaishia kuwa mtawala huko hadi mwaka 1891.

Chanzo cha pili cha mtaji kilikuwa upagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, kilo 32 kwa makadirio. Mpagazi alilipwa kwa nguo na shanga, akapewa posho njiani, na wengine walibeba pamoja na mzigo wa tajiri bidhaa zao ndogo za kuuza. Tajiri ndiye aliyegharimia safari; mpagazi alipata ujira, alijifunza bei za pwani na akafahamiana na wanunuzi. Kazi hiyo haikuonwa kuwa ya aibu. Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857, aliandika kwamba Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa njiani kwenda pwani kama mpagazi alipopata habari za kifo cha baba yake. Akatua mzigo, akarudi kutawala.

Sasa tuje kwenye soko. Hapakuwa na redio wala gazeti, na aliyebeba mzigo wake mwenyewe hakuwa na cha kumlipa mpiga debe. Hata hivyo msafara ulijitangaza. Kiongozi wake, kirangozi, alitangulia na bendera, amevaa manyoya na ngozi za kupendeza, ngoma ikimfuata. Karibu na kijiji wapagazi waliimba na kupiga pembe, na watu wakatoka kutazama. Gharama yake ilikuwa pumzi tu.

Njia ya pili ilikuwa kumjua mteja. Shanga zilikuwa za aina nyingi mno, na kila eneo lilitaka rangi yake. Shanga nyekundu ziitwazo samesame zilipendwa sehemu nyingi, lakini aliyeingia mji unaotaka nyeupe akiwa na nyekundu aliweza kukosa hata chakula. Kosa hilo halitibiwi na tangazo lolote. Mpagazi aliyepita hapo mwaka uliotangulia alijua kinachotakiwa, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya mtaji wake ingawa hauonekani katika hesabu.

Ya tatu ni utani. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, kama Wazaramo, unahusishwa na safari hizo. Mtani alipewa maji, chakula na habari, hata alizikwa na watani wake. Leo tungeuita mtandao wa biashara, japo neno hilo ni dogo kwa uhusiano unaofika hadi kaburini.

Linganisha na tajiri wa mkopo. Wafanyabiashara wengi wa pwani walichukua nguo na shanga kwa mali kauli kutoka kwa wafadhili wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, aliyemfadhili Tippu Tip. Tippu Tip alitajirika sana, kwa pembe za ndovu na kwa biashara ya watumwa, na hilo la pili lisifichwe. Lakini bei ya pembe ikishuka, au njia ikifungwa kama Mirambo alivyoifunga alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, deni liliendelea kuwepo. Wako waliobaki Tabora na Ujiji miaka mingi kwa kuogopa wadai. Mpagazi aliyepoteza furushi lake la chumvi alipoteza furushi hilo tu. Kwa upande mwingine hakuweza kukua haraka kama Tippu Tip. Ukiulizwa hasara za kujifadhili, anza na hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa leo, kwa kuwa Tabora ni mkoa wa miombo na asali. Kijana ana shilingi 120,000. Ananunua lita 10 za asali kwa 80,000, chupa 20 za nusu lita kwa 12,000, lebo kwa 6,000, na nauli 12,000. Jumla 110,000, kwa hiyo kila chupa imemgharimu 5,500. Zinabaki 10,000. Je, anunue bando la kutuma picha za bidhaa, au afungue chupa moja sokoni watu waonje?

Akifungua chupa moja, anauza 19 kwa 7,500 na kupata 142,500. Faida ni 32,500, na ile 10,000 bado ipo mfukoni. Akinunua bando na kuuza zote 20, anapata 150,000, matumizi yakiwa 120,000, faida 30,000. Tofauti ni ndogo, na picha ina faida ya kufika mbali. Ila asali huchakachuliwa kwa sukari, wanunuzi wanajua, na picha haionjwi. Katika safari ya kwanza ningefungua chupa. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kuitoa gharama ya chupa ya kuonjwa mara mbili. Angalia kwamba 5,500 zake tayari zimo ndani ya 110,000. Hesabu hii pia haina ujira wa kijana mwenyewe wala ushuru wa soko, ambao kwa mpagazi ulikuwa hongo aliyotozwa kila himaya aliyopita.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi upagazi ulivyokuwa chanzo cha mtaji kwa Wanyamwezi.
2. Kijana wa mfano ametozwa ushuru wa 4,000 na ameuza chupa 15 tu kwa 7,500, moja ikiwa imeonjwa. Tafuta faida au hasara yake, kisha mshauri kuhusu chupa 4 zilizobaki.
3. "Deni lilimkuza Tippu Tip na likawafunga wenzake." Jadili.