Kilo Zinapanda, Nyonga Zinapungua: Testosteroni Inavyobadili Mwili wa Mwanamume Trans

Ukishuka kwenye matatu Buruburu, Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huendi mbali kabla ya kumkuta mtu mwenye mizani kando ya njia. Unampa sarafu, unavua viatu, unasoma namba, unaenda zako. Mwanamume trans aliyeanza kudungwa sindano za testosteroni miezi michache iliyopita, akipanda mizani hiyo, mara nyingi hushuka na wasiwasi: kilo zimeongezeka. Lakini suruali aliyoinunua soko la Gikomba mwaka jana inamlegea nyongani, na shati linambana mabegani. Je, ananenepa au anakonda?

Mwili wake unafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Wanaume trans, yaani watu waliosajiliwa wasichana walipozaliwa ilhali wao ni wanaume, si wote wanaotumia homoni. Wanaozitumia wanastahili kujua kwa hakika kinachoendelea mwilini mwao, maana uvumi wa mtaani ni mwingi na gharama ya kuuamini hulipwa na moyo na mishipa ya damu.

Dawa yenyewe si ngeni. Testosteroni ilitengwa mwaka 1935 mjini Amsterdam na kundi la watafiti lililoongozwa na Ernst Laqueur, na mwaka huohuo wanakemia wakagundua namna ya kuitengeneza kutokana na kolesteroli. Kufikia 1939, Mwingereza Michael Dillon alikuwa ameanza kuitumia, naye huhesabiwa kuwa mwanamume trans wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo.

Misuli inaingia, mafuta yanatoka

Ndani ya misuli na ndani ya tishu za mafuta kuna vipokezi vinavyoitambua testosteroni. Homoni inapovishika, seli changa ambazo zingeweza kuwa misuli au mafuta huelekezwa zaidi upande wa misuli. Nyuzi za misuli zilizopo nazo hutengeneza protini kwa kasi na kunenepa. Mwaka 1996, Shalender Bhasin na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 10 nchini Marekani, ambapo wanaume 43 walipewa ama dozi kubwa za testosteroni ama sindano zisizo na dawa. Waliopewa homoni waliongeza misuli hata pale ambapo hawakufanya mazoezi yoyote. Waliofanya mazoezi juu yake waliongeza zaidi.

Kwa wanaume trans, picha ilikusanywa vizuri mwaka 2017, watafiti wa Uholanzi walipounganisha matokeo ya tafiti mbalimbali. Kwa wastani, matibabu ya testosteroni yaliongeza uzito kwa kilo 1.7. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini ndani yake mafuta yalipungua kwa kilo 2.6 na tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo, zikaongezeka kwa kilo 3.9. Mizani ilisoma jumla tu; haikuona kilichoingia wala kilichotoka. Mwaka uliofuata, utafiti wa vituo kadhaa vya Ulaya uliofuatilia wanaume trans 162 kwa mwaka mmoja ulionyesha mwelekeo uleule: mafuta ya mwili yalipungua kwa takriban asilimia 10, na tishu zisizo mafuta zikapanda kwa takriban asilimia 10.

Wapo wanaoongezeka zaidi, na mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliona kwamba wanaume trans waliongeza wastani wa kilo 2.35 katika miezi miwili hadi minne ya kwanza. Sehemu ya ongezeko la mwanzoni huweza kuwa maji, kwa sababu testosteroni huufanya mwili ushikilie chumvi na maji.

Je, mwili unachoma zaidi?

Hapa ndipo wengi hupotoshwa. Husemwa kwamba ukishaanza testosteroni umetaboli, yaani kasi ya mwili kuchoma chakula, unapaa, hivyo kula utakavyo. Tupige hesabu. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku, na kilo moja ya mafuta hutumia kama kalori 4.5. Aliyeongeza kilo 3.9 za misuli atatumia takriban kalori 50 zaidi. Aliyepoteza kilo 2.6 za mafuta atatumia kama kalori 12 pungufu. Faida inayobaki ni kalori 40 hivi kwa siku. Chapati moja ya kibandani ina zaidi ya kalori 200. Kwa hiyo misuli yote hiyo mipya, ikiwa imekaa tu, haijalipia hata robo ya chapati.

Hamu ya kula, kwa upande mwingine, haipigi hesabu hizo. Wengi wanaoanza sindano husema njaa inawajia kwa nguvu. Na Eastlands ni mahali ambapo njaa ikibisha hodi jibu liko hatua chache: chapati na maharagwe, chipsi, soseji na smokie za kwenye mkokoteni, mandazi na chai ya sukari. Vyakula hivi ni rahisi kwa mfuko na vizito kwa kalori. Anayetaka misuli ijengeke bila tumbo kuongezeka hana budi kuielekeza njaa hiyo kwenye maharagwe, ndengu, omena, mayai na sukuma wiki, ambavyo navyo viko sokoni mtaani, huku akipunguza chapati kutoka tatu hadi moja.

Tusisahau alikotokea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, dhidi ya asilimia 17.5 ya wanaume. Wanaume trans wengi huanza matibabu wakiwa na mwili uliolelewa katika hali zilizozaa takwimu hiyo ya kwanza. Sindano haiwahamishi kimiujiza hadi kwenye ya pili.

Mafuta yanahama

Kabla ya matibabu, estrojeni huyaweka mafuta nyongani, mapajani na makalioni, chini ya ngozi. Testosteroni huyapunguza maeneo hayo, na ndiyo sababu suruali inalegea. Lakini vipimo vya MRI vilivyofanywa Amsterdam miaka ya 1990 vilionyesha jambo la kuangaliwa: kadiri miaka ilivyosonga, mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka matumbo na ini, yaliongezeka, hasa kwa walioongezeka uzito. Mafuta haya ni hatari kuliko yale ya mapaja, kwa maana yanamwaga asidi za mafuta karibu na ini na kuchangia shinikizo la damu na kisukari.

Damu nayo inabadilika. Uchambuzi mwingine mkubwa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili au zaidi kolesteroli nzuri hushuka, huku kolesteroli mbaya na trigliseridi zikipanda. Kwa kijana mwembamba asiyevuta sigara, mabadiliko hayo huenda yasimsumbue. Kwa mtu mwenye kitambi, presha na mzazi mwenye kisukari, ni sababu tosha ya kupimwa kila mara.

Jambo jingine ni wingi wa chembe nyekundu za damu. Testosteroni huzichochea, na zikizidi damu huwa nzito na kuweza kuganda. Katika utafiti wa Amsterdam wa mwaka 2021 uliohusisha wanaume trans 1,073, asilimia 11 walifikia wakati fulani kiwango kinachozidi nusu ya ujazo wa damu, na ongezeko kubwa lilikuwa mwaka wa kwanza. Sigara na uzito mkubwa vilihusishwa na hatari hiyo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko kama huo peke yake huongeza chembe nyekundu kidogo. Mvutaji sigara wa Dandora aliye kwenye testosteroni ana sababu tatu zinazosukuma upande mmoja.

Basi chukua fomu ya maabara ya mwanamume trans. Juu kumeandikwa jinsia: mwanamke. Himoglobini, iliyomo kwenye chembe nyekundu, imesoma 16.5, na kando yake pana alama kwamba imezidi, kwa kuwa mashine inalinganisha na kipimo cha wanawake. Kwa mwili wenye testosteroni ya kiwango cha kiume, namba hiyo ni ya kawaida. Asiyeelewa atamwachisha mgonjwa dawa bila sababu.

Kinachohitajika

Mazoezi yana kazi hapa, na jimu za mitaani zenye vyuma vya simiti iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi zinatosha kabisa. Ila anayefunga kifua kwa vazi la kubana asinyanyue vyuma akiwa amelivaa, kwani mapafu hayapanuki ipasavyo. Kuongeza dozi ili misuli ije haraka ni kujidhuru: sehemu ya ziada hiyo hugeuzwa kuwa estrojeni kwenye tishu za mafuta, nyingine huifanya damu kuwa nzito. Anayepewa Sustanon na mwili wake hauvumilii karanga amwambie mhudumu mapema, maana dawa hiyo imeyeyushwa kwenye mafuta ya karanga. Na testosteroni si njia ya kupanga uzazi, hata hedhi ikiwa imekoma.

Vipimo vyenyewe ni vya kawaida. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa homoni unataka mtu achunguzwe kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka: testosteroni, chembe nyekundu, shinikizo la damu, uzito na mafuta ya damu. Uongeze utepe wa fundi cherehani kuzungushia kiuno, nao utakueleza zaidi ya mizani.

Kikwazo kikubwa hakimo kwenye sayansi. Kiko kwenye dirisha la kliniki, pale kitambulisho kinaposema jina moja na sauti nzito ikajibu kwa jina jingine, foleni nzima ikageuka. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke trans, cheti chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Karatasi isiyolingana na mtu humzuia kuishi, na katika afya humzuia hata kutoa damu ya kupimwa. Mashirika kama Jinsiangu, lililoko Nairobi, yamekuwa yakiwasemea watu trans kwa miaka mingi.

Anayeogopa foleni hununua dawa kwa siri, hujidunga, na husubiri dalili. Presha na damu nzito hazitoi dalili mapema. Muuguzi wa zahanati ya mtaa anayemwita mtu kwa jina analolitaka, akamfunga mkono kupima presha, akaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa anatumia testosteroni, ameshafanya sehemu kubwa ya tiba. Jambo hilo halimgharimu kitu, na linaweza kuuokoa moyo wa mtu.