Kuhama kampuni ya umeme: uliza kwanza kompteri ni ya nani



Leo tuongee jambo moja ambalo hatulifundishwi darasani, lakini linakugonga mwezi wa kwanza tu unapoanza kujitegemea: umeme wa pale unapokaa ao pale unapofanyia kazi.

Kwa miaka mingi swali la kuchagua halikuwako. SNEL, iliyoundwa 1970, ndiyo ilikuwa umeme, na umeme ndiyo ilikuwa SNEL. Halafu sheria n° 14/011 ya tarehe 17 juni 2014 ikafungua mlango: kampuni za watu binafsi nazo ziweze kutengeneza umeme, kuusafirisha na kuuuzisha. Goma ni mji mmoja ambapo watu waliona mabadiliko yale kwa macho. Umeme wa SNEL unatoka Ruzizi. Wa Virunga Energies unatoka Matebe, kule Rutshuru, ambako mashine zilianza mwisho wa 2015. Nuru nayo ilifungua kituo cha jua cha megawati 1,3 huko Ndosho mwaka 2020.

Basi kijana anaona kwa jirani taa inawaka siku nzima, kwake giza, anasema: na mimi ninahama. Ni haki yake kutafuta kilicho bora. Lakini ile boksi ukutani siyo sawa na simu, ambayo unatoa kadi ya Airtel unatia ya Vodacom na maisha inaendelea. Kompteri iko na mwenyewe, iko na jina, na iko na aina yake. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinaamua kama utahama ao hapana.

Tuanze na kompteri ya kulipa kwanza, ile wengi tunaita Cash Power. Nyingi duniani zinatumia mfumo mmoja unaoitwa STS, ulioanzia Afrika Kusini. Unalipa, unapewa kode ya tarakimu 20, unaipiga, uniti zinaingia. Kwa nini kode ya jirani haiingii kwako? Juu kila kompteri iko na ufunguo wa siri ndani, unaotengenezwa kwa namba ya kompteri yenyewe pamoja na namba ya kundi la kampuni inayouzisha. Kampuni nyingine haina ule ufunguo. Hata kama boksi zinafanana kabisa, kode zake zitakataliwa. Kwa hiyo kuhama, mara nyingi, ni kutoa kompteri moja na kufunga nyingine.

Hapa ndipo wengine wanapoteza makuta: wanaona kompteri ya mkono wa pili kwa bei ndogo, wanainunua, halafu wanaita kampuni ije kuifunga. Haiwezekani, juu ile kompteri ingali imefungwa kwa ufunguo wa kampuni ya kwanza. Kuko na shida nyingine tena. STS inahesabu dakika tangu 1 januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 novemba 2024. Kompteri ambayo haikupigwa kode maalum za kubadilisha ufunguo inakataa kode zote zilizotengenezwa kisha siku ile. Kama ilikaa katika depo miaka mitatu, jua kwamba pengine unanunua plastiki tu.

Sasa tuangalie kompteri ambazo si za kawaida, juu ndizo zinasumbua zaidi.

Ya kwanza ni kompteri ya kugawana. Kiwanja kimoja, nyumba tano, kompteri moja kubwa kwa jina la mwenye kiwanja, halafu vidogo-vidogo ndani kwa kila mpangaji. Kile kidogo chako si cha kampuni. Ni cha mwenye nyumba, cha kuhesabu tu. Wewe hauna kontra na kampuni yoyote, kwa hiyo hauna kitu cha kuhamisha. Njia ni mbili: mwenye nyumba ahamishe kiwanja kizima, ao akuruhusu kwa maandishi uombe mstari wako. Maneno ya mdomo hayatoshi. Siku mutakosana, mutabishana pia juu ya nani alilipa waya.

Ya pili ni kompteri ya zamani ya kisahani kinachozunguka, ao nyumba isiyo na kompteri kabisa, inayolipa bei moja kila mwezi. Hapa hatari ni deni. Faktire zinafuata jina na adresi. Mpangaji wa mbele alienda, deni likabaki. Mbele ya kusaini kontra ya nyumba, omba kuona faktire ya mwisho. Hata kwa Cash Power deni linaweza kuwa ndani: unalipa dola tano, uniti zinakuja kidogo, juu mashine ya kuuzisha imekata sehemu ya deni. Uliza mapema.

Ya tatu ni kompteri ya trifaze, na hii inatugusa sisi wa kilimo. Nyumba ya kawaida inapata nyaya mbili, volti 230. Trifaze inapata nyaya ine, na kati ya faze na faze kuko volti 400. Chukua mashine ya kusaga mahindi ya kilowati 7,5. Kwa trifaze mota inavuta karibu ampere 14 katika kila waya. Mota ya nguvu ile ile kwa monofaze ingevuta karibu 41. Na wakati wa kuwaka, mota inaweza kuvuta mara tano mpaka saba ya ile ya kawaida. Waya mwembamba unaungua, dijonkteri inaruka, jirani wanapiga kelele.

Kwa hiyo mtu mwenye trifaze asitazame bei ya kilowati-saa peke yake. Aangalie nguzo ya kampuni mpya kwenye avenue yake: ule mstari uko na faze tatu ao moja? Kama ni moja, kampuni inaweza kukupokea kama mteja wa nyumba, taa zitawaka vizuri sana, na mashine italala. Jibu hili litafute mbele ya kununua mashine, siyo kisha.

Tuseme umekagua vyote na unahama. Fuata mpango huu.

Pima matumizi yako: andika uniti leo, andika tena kisha siku saba. Chukua hesabu ile, weka bei ya kila kampuni, ongeza malipo ya kila mwezi kama yako, ongeza pia bei ya kuunganishwa. Kama faida ya mwezi ni dola tatu na kuunganishwa ni dola mia, utangojea karibu miaka mitatu kurudisha makuta yako. Mpangaji wa miezi sita afikirie mara mbili.

Maliza uniti za zamani. Hazihami pamoja nawe.

Usikate plombe mwenyewe, na usiruhusu fundi wa mtaa aikate. Kampuni ya zamani ndiyo itoe kompteri yake, ikupe karatasi yenye tarehe na namba iliyosomwa.

Kama unapenda kubaki na kampuni mbili, moja ya kila siku na nyingine ya kusaidia, lazima kuwe inverseri kati yao, ili nyaya mbili zisikutane hata sekunde moja. Bila ile, umeme wa upande mmoja unarudi kwenye mstari wa mwingine, na fundi aliye juu ya nguzo, anayeamini umeme umekatwa, anaweza kufa. Hapa hakuna kubana makuta.

Chagua pia siku. Mwenye mashine ya kutotolesha mayai anajua: siku 21, joto karibu digri 37,5. Ukihama siku ya kumi, saa sita bila umeme zinaweza kukuharibia mayai mengi. Ngojea vifaranga vitoke, safisha mashine, halafu ita mafundi. Mwenye frigo ya maziwa naye auzishe kwanza.

Na kama kuko mabishano ambayo kampuni haitaki kusikia, sheria ile ya 2014 ilipanga mamlaka ya kusimamia sekta, ARE. Lakini malalamiko bila karatasi ni hadithi tu. Tunza kontra, risiti na picha ya kompteri inayoonyesha namba yake.

Wengi wetu tunatafuta mtaji wa mashine, tunaandika projeti nzuri, na kwenye mstari wa «umeme» tunaweka namba tuliyosikia kwa rafiki. Mbele ya kuandika ile namba, nenda ukasimame mbele ya kompteri. Soma jina, hesabu nyaya, uliza deni. Ni kazi ya nusu saa, na projeti nzima inasimama juu yake.