Maumivu ya Jino Tukiwa Katika Swaumu

Jino huuma pale tundu linapofika kwenye mshipa wa fahamu, au usaha unapokusanyika kwenye mzizi. Karafuu yetu hutuliza kwa sababu mafuta yake hutia ganzi, lakini haiondoi chanzo.

Wengi wetu tukiwa tumefunga huahirisha matibabu. Wanachuoni wengi wa zama hizi wanasema sindano ya ganzi na kung'oa jino havibatilishi swaumu, maadamu mtu hakumeza damu wala dawa kwa makusudi. Na mgonjwa aliyezidiwa anayo ruhusa ya kufungua, kisha alipe.

Shavu likivimba pamoja na homa, au ukashindwa kumeza, usingoje Magharibi: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usaha ukisambaa huweza kuua.

Na Allaah Anajua zaidi.