Kikombe cha Hedhi na Sababu za Kuvuja Kwake

Katika mji wa Isaka, Tanzania, ambapo shehena za Rwanda na Burundi hushushwa kutoka katika mabehewa na kupakiwa malorini kwenye bandari kavu, wamo wanawake wengi ambao riziki yao haiwapi faragha: mama lishe asimamaye jikoni tangu alfajiri, muuza matunda wa kandokando ya barabara, na, kwa waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, mwanamke apondaye mawe juani kutwa nzima. Kwao siku za hedhi huambatana na adha ipitayo hata maumivu, nayo ni hofu ya kuchafuka mbele ya watu pasipo mahali pa kujisitiri. Pedi nazo hununuliwa upya kila mwezi, na nafuu ya kodi ya ongezeko la thamani iliyotolewa na Serikali mwaka 2018 iliondolewa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kikombe cha hedhi, ambacho kimoja tu kikitunzwa vema chaweza kudumu hadi miaka 10, chastahili kuelezwa kwa ukamilifu, pamoja na ile ila yake inayowakatisha tamaa wengi mapema, yaani kuvuja.

Chombo chenyewe si kipya. Leona Chalmers, mwigizaji wa Marekani, alipata hataza ya kikombe cha mpira mwaka 1937, ila uhaba wa mpira wakati wa Vita Kuu ya Pili ukaizuia biashara yake. Vikombe vya siku hizi aghalabu ni vya silikoni, laini na visivyokunywa maji.

Kikombe hakifyonzi damu kama pamba ifanyavyo, bali huikinga, kama ndoo ikingavyo maji ya mvua chini ya bati. Hukunjwa, kikaingizwa ukeni, na kikiisha kufunguka ukingo wake hushikamana na kuta za uke chini ya shingo ya kizazi. Vilivyo vingi hubeba mililita 20 hadi 30, ilhali damu ya hedhi nzima ya mwanamke, kwa wastani, ni mililita 30 hadi 40 tu. Hisabati hiyo yatufundisha jambo ambalo wengi hawaambiwi: kikombe kinachovuja saa mbili baada ya kuvaliwa, kwa ghalibu hakikujaa, bali hakikukaa sawasawa.

Huenda hakikufunguka, nao upande mmoja ukabaki na kunyanzi ambamo damu hupenya. Dawa yake ni kupitisha kidole kilichooshwa kulizunguka tako la kikombe, na pakihisiwa bonde, kukizungusha taratibu mpaka kikae mviringo. Huenda kimepita kando ya shingo ya kizazi, nayo damu ikashuka nje ya chombo kilichowekwa kuipokea, kwa maana shingo hiyo haikai mahali pamoja mwezi mzima, na siku za hedhi huweza kuteremka. Ni busara kuitafuta kwanza kwa kidole ndipo kikombe kielekezwe. Vitundu vidogo vilivyo chini ya ukingo vikizibwa na damu kavu, hewa haipiti, na kikombe hakishiki. Hata choo kigumu chaweza kukisukuma, kwani utumbo mkubwa umepakana na uke. Matone machache yaonekanayo mara baada ya kukivaa ni damu iliyosalia ukutani, wala si dalili ya kuvuja. Lakini kikombe kilichokaa barabara kikijaa kila baada ya saa chache, hapo kimegeuka kuwa kipimo: damu ipitayo mililita 80 kwa hedhi moja ni nyingi mno, nayo yataka uchunguzi wa tabibu, kabla upungufu wa damu haujamdhoofisha mtu.

Maarifa haya hupatikana kwa mazoezi. Katika kaunti ya Siaya, magharibi ya Kenya, watafiti waliwagawia wasichana wa shule vikombe, na wauguzi wakawa wakivitazama rangi, maana silikoni hubadilika rangi kwa kutumiwa; ikadhihirika kwamba matumizi yaliongezeka kadiri miezi ilivyopita. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Public Health yalikuta kwamba kikombe kilivuja sawa na pedi au pungufu yake, na kwamba kukizoea huchukua hedhi kadhaa. Naona basi ni dhulma kumkabidhi binti kikombe na kumwacha bila mwalimu. Na miezi ya mwanzo avae pedi au kitambaa pamoja nacho.

Kwa wanawake wa mialoni, huko dhahabu inakooshewa, ninalo neno mahususi. Mikono iliyoshika zebaki ya kunasia dhahabu isikiguse kikombe kamwe. Na kwa kuwa chaweza kukaa ndani hadi saa 12, mwenye kukivaa asubuhi nyumbani aweza kukimwaga nyumbani jioni, baada ya kunawa kwa sabuni na maji safi. Hedhi ikiisha, kichemshwe kwa dakika chache katika sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Katika kukitoa, mkia ulio chini yake usivutwe tu; tako libinywe kwanza ili hewa iingie. Aliyewekewa kitanzi cha uzazi wa mpango amwarifu muuguzi kabla ya kuanza, kwani mvuto wa kikombe kilichong'olewa kwa pupa waweza kukitoa kitanzi mahali pake.